KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) nyumbani: kumchagulia mtaala mtoto wa miaka 4 hadi 7 na kuupangia bajeti

Mzazi akishaamua kumfundisha mtoto nyumbani, mara nyingi kituo cha kwanza ni duka la vitabu. Anarudi na vitabu vinne, chati mbili za ukutani, boksi la rangi, na pengine anwani ya tovuti inayouza mtaala mzima kwa dola. Miezi miwili ikipita, kitabu kinachofunguliwa ni kimoja, penseli zimekwisha na hela ya daftari imeshaliwa na chati. Mwongozo huu unaenda kinyume cha safari hiyo: mtoto anapimwa kwanza, mtaala unachaguliwa baadaye, na hela inatoka kidogokidogo.

Tunazungumzia Tanzania, na mtoto wa elimu ya awali hadi darasa la pili ambaye nyumbani kwao wanaongea Kiswahili. La sheria tulimalize mapema. Mtoto akifika umri wa darasa la kwanza, mzazi anatakiwa kumwandikisha shule, na mitihani ya taifa ya shule ya msingi hufanyikia shuleni. Hivyo kufundisha nyumbani kunafaa zaidi kabla ya darasa la kwanza, au jioni na likizo kwa mtoto aliye kwenye darasa lililojaa. Familia iliyo ughaibuni iulize sheria ya huko kwanza: Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake, Uingereza inaruhusu, Ujerumani inataka mtoto aende shule.

Unanunua nini hasa?

Neno "mtaala" limekuwa jina la biashara. Mtandaoni utakuta kurasa 50 za kupaka rangi zinauzwa kwa jina hilo. Walimu wanatofautisha. Mtaala unasema mtoto aweze nini. Muhtasari unagawa hayo katika mada. Kitabu cha kiada kinafundisha kwa mpangilio, kitabu cha ziada kinampa mtoto mazoezi na hadithi, na kiongozi cha mwalimu kinamwambia mtu mzima aseme nini, ashike zana gani, na afanye nini mtoto akikwama. Mzazi ambaye hakusomea ualimu anakihitaji hicho cha mwisho kuliko vyote, na ndicho anachokiacha dukani kwa sababu hakina picha.

Mtaala na muhtasari visikutoe hela. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayoviandaa, na vitabu vyake vya kiada unaweza kuvisoma bure katika maktaba yake ya mtandao. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo kabla ya kununua kitabu kilichotumika angalia mwaka wa toleo. Cha zamani hakijaoza, bado kinafaa kwa mazoezi. Kisiwe tu ndicho kinachokuongoza. Kwa ngazi ya awali utaona muhtasari hauna masomo kama ya darasani. Umejengwa juu ya umahiri: mtoto ahusiane na wenzake, awasiliane, atunze afya na mazingira, afanye sanaa na michezo, na aanze kuzielewa dhana za kihisabati. Ukikuta kitabu cha awali chenye kurasa 80 za kunakili herufi na hakina kingine, jua mwandishi hakuusoma muhtasari.

Dakika kumi za kumpima

Fanya hivi asubuhi, mtoto akiwa ameshiba. Usimwambie kuwa ni mtihani.

Mpe picha yenye watu na vitu, akusimulie. Sikiliza kama anaunganisha matukio au anataja vitu kimoja kimoja tu. Kisha mpigie makofi jina: sa-ma-ki, makofi matatu. Mwambie apige "kuku", halafu "embe", halafu "mtoto". Hilo la mwisho lina makofi matatu, m-to-to, na linawashinda wengi. Muulize "baba" linaanza na sauti gani. Anayejibu kwa sauti yuko mbele ya anayetaja jina la herufi bila kujua inalia vipi.

Kwa hesabu, mwage vizibo 12 vya soda na umwambie akupe 7. Kuimba moja hadi ishirini hakukuambii kitu. Kutoa 7 na kukoma hapo kunakuambia mengi. Vitawanye vile 7 na uulize ni vingapi sasa. Akianza kuhesabu upya, kujumlisha kwa maandishi bado kuko mbali. Mwisho mpe penseli achore duara, msalaba na mraba. Mraba ukimshinda, usinunue daftari la mwandiko sasa. Mnunulie chaki, au mwachie mchanga wa uani kwa mwezi mzima.

Andika majibu kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe. Utaenda nayo dukani.

Kusoma: anza na lugha anayoiongea

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vifurushi vingi vya kusoma vinavyouzwa kwa dola vimetengenezwa kwa ajili ya tahajia ya Kiingereza, ambapo sauti moja huandikwa kwa njia nyingi na herufi moja hubeba sauti nyingi. Ndiyo maana vina ngazi nne au tano, kila ngazi na bei yake. Kiswahili hakina mzigo huo. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake, na silabi ukishaijua imejulikana popote utakapoikuta. Mtoto anayeongea Kiswahili anaweza kusoma sentensi fupi ndani ya miezi michache akifundishwa kila siku. Kumnunulia kifurushi cha miaka mitatu ili aanze na lugha asiyoiongea ni kulipia ugumu ambao hakuwa nao.

Na kuna madhara unayoyaona kwenye daftari. Mtoto aliyeanza na wimbo wa ABC anajua kwamba E inaitwa "ii" na A inaitwa "ei". Mwambie aandike "kiti", anaandika "kete". Mpe "meza", anasoma "miza". Mwalimu wa darasa la kwanza anadhani mtoto ni mzito, kumbe amebeba mifumo miwili kwa mkono mmoja. Kiingereza kiendelee kwa nyimbo, hadithi na mazungumzo; kukisoma kusubiri hadi silabi za Kiswahili zikae.

Kitabu kizuri cha kuanzia hakifuati alfabeti. Kinaanza na a, e, i, o, u, kisha konsonanti zinazozaa maneno haraka. Kwa m, b, k na t tu, ambazo pamoja na irabu zinatoa silabi 20, mtoto anasoma mama, baba, kaka, kuku, bata, kiti, moto, hata "Mama amekata keki". Anayeanza na a, b, ch, d anachelewa kuonja neno zima, na anakutana na b na d zikiwa jirani. Hizo mbili zitenganishe kwa wiki tatu au zaidi. Vivyo hivyo m na n, na hasa l na r kama lugha ya nyumbani kwa bibi inazichanganya.

Mwendo unaowezekana ni wiki mbili za irabu, wiki 18 za konsonanti moja moja (b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y, z), kisha kama wiki 12 za sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja: ch, sh, ny, th, dh, gh, ng, ng', na miambatano kama mb, nd, nj, mw. Jumla ni wiki 32. Katika mwaka wa wiki 36 zinabaki nne za kurudia, na zote utazihitaji.

Fungua kitabu uangalie kinavyoitendea m inayosimama peke yake. "Mbuzi" ni mbu-zi, lakini mdudu "mbu" ni m-bu, na "nchi" ni n-chi. Chati nyingi za ukutani hazigusi jambo hili kabisa. Angalia pia kama "ngoma" na "ng'ombe" zimewekwa ukurasa mmoja bila maelezo. Jambo la tatu ni umbo la herufi. Fonti nyingi huchapa a yenye kikofia juu, wakati mtoto anafundishwa kuandika a ya mviringo. Kitabu cha kwanza kiwe na ile ya mviringo, la sivyo utaulizwa kila siku "hii ni herufi gani?"

Hadithi za ziada usizinunue zote. African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa viwango, na leseni yake inaruhusu kuchapisha. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, umetoa vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili. Kwa umri wa miaka 3 hadi 6 kuna katuni za Akili and Me za Ubongo, za Tanzania hapa hapa. Zichukulie kama dakika za kupumzikia somo. Katuni haimsikilizi mtoto akisoma.

Hesabu na vitabu vya ng'ambo

Kwa hesabu, kitabu cha nje kinaweza kukusaidia kuliko cha kusoma, maana tatu ni tatu popote. Lakini hesabu kurasa utakazoziruka: sarafu za senti na dola, inchi na paundi, majira ya theluji, na saa. Saa ndiyo mtego. Kitabu kinaonyesha mshale kwenye 7 na kusema ni saa saba. Mtoto wako anajua hiyo ni saa moja asubuhi, muda wa chai. Ruka kurasa hizo zote hadi darasa la pili, kisha fundisha saa kwa Kiswahili kwanza.

Kiswahili kinakupa zawadi na deni katika kuhesabu. Zawadi ni kumi na moja hadi kumi na tisa: jina lenyewe linasema kuna kumi na vingapi juu yake. Deni ni makumi. Sitini na sabini zinafanana na sita na saba, lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini hazitokani na mbili, tatu, nne na tano, kwa hiyo mtoto akifika ishirini na tisa anasema "ishirini na kumi". Kitabu kisichotumia vijiti vilivyofungwa kumikumi hakitamvusha hapo. Nunua boksi la njiti za meno na rababendi, na hela ya kitabu cha pili ubaki nayo.

Kukagua kitabu ukiwa umesimama dukani

Kifungue mwanzo, katikati na mwisho, ukiwa na karatasi yako ya vipimo. Kama yale ambayo mtoto tayari anayajua yanachukua zaidi ya robo ya kitabu, chukua cha ngazi inayofuata. Kama ukurasa wa kumi tayari unamshinda, rudi ngazi moja. Hesabu herufi mpya kwa kila somo. Zaidi ya moja kwa umri wa miaka 5 ni nyingi. Angalia kama herufi ya ukurasa wa 8 inarudi ukurasa wa 15 na wa 30. Weka kidole nyuma ya karatasi: kivuli cha maandishi ya upande wa pili kikionekana, kalamu za rangi zitapenya.

Kisha uliza kama mtoto anaandika ndani ya kitabu. Kitabu cha kujaziwa kinamhudumia mtoto mmoja tu. Ukiwa na wawili wanaofuatana, mkubwa aandike majibu kwenye daftari, kitabu kibaki kisafi. Usiamini jalada linalosema "miaka 3–8". Hakuna ukurasa mmoja unaomfaa mtoto wa miaka 3 na wa miaka 8.

Bajeti

Anza na siku, halafu ndipo uende kwenye bei. Wiki 36 kwa siku nne ni siku 144 za kufundisha. Siku ya tano iache kwa kufidia mafua, msiba na wageni. Kipindi cha awali shuleni ni dakika 20, cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Nyumbani usivuke hapo. Vipindi vitatu vya dakika 20, pamoja na dakika 20 za maandalizi, ni dakika 80 kwa siku. Kwa mwaka ni saa 192 za mtu mzima. Ziandike juu kabisa ya karatasi ya bajeti. Kama zitatoka kwenye muda wa duka lako, au utamlipa mwalimu wa tuisheni, huo ndio mstari mkubwa kuliko yote, na vitabu vya bei yoyote haviwezi kuufuta.

Vinavyodumu kwa mtoto mmoja: vitabu vitatu vya kiada (kusoma, kuandika, kuhesabu), hadithi 12 ambazo ni moja kila wiki tatu, kibao cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 40 kilichopakwa rangi ya ubao, mkasi usio na ncha, na manila 6. Kila manila ikunje mara tano upate kadi 32. Silabi za konsonanti 18 ni 90, irabu 5, na za sauti 12 za mwisho ni 60: kadi 155. Manila tano zinatosha kadi 160, ya sita ni ya zitakazotafunwa. Vizibo 100 viombe kwa muuza soda, uvichemshe kwa sabuni, na uviweke mbali na mdogo wake aliye chini ya miaka 3, kwa sababu ataviweka mdomoni.

Vinavyoisha: ukurasa mmoja wa kuandika na mmoja wa hesabu kwa siku ni kurasa 288, yaani madaftari manne ya kurasa 80, nunua matano. Ongeza penseli dazeni mbili, vichongeo vitatu, vifutio vinne na boksi la chaki. Vichongeo na vifutio haviishi, vinapotea. Nunua Oktoba au Novemba, kabla ya msongamano wa Januari.

Cha hatari zaidi ni kinachojirudia bila kuonekana: kuchapisha na bando. Tuseme steshenari ya mtaani kwako inatoza shilingi 150 kwa ukurasa. Kurasa tatu kwa siku ni 432 kwa mwaka, sawa na shilingi 64,800, na nyingi zitaishia jalalani. Badala yake chagua kurasa 20 za mazoezi yanayorudiwa, kwa shilingi 3,000, zitie kwenye mifuko ya plastiki angavu na mtoto aandike juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe. Zinafutika. Kwa video, dakika 20 mara tatu kwa wiki ni kama saa nne kwa mwezi. Kwa ubora wa 360p tenga kama GB 1 na nusu. Simu ikiachiwa kuchagua ubora yenyewe, bando litakwisha kabla ya wiki ya pili. Vitabu vya PDF vipakue mara moja na uvihifadhi.

Ukishawishika na kifurushi cha nje, usiangalie bei ya tangazo. Tuseme ni dola 180, na usafirishaji 70. Hapo ni 250 kabla ya ushuru, na benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake, kwa hiyo ongeza kama asilimia 5. Gawa 250 kwa siku 144: dola 1.74 kwa somo. Ukitoa yasiyokufaa yakabaki masomo 86, kila somo limekugharimu karibu dola 2.90. Toleo la PDF linaokoa usafiri, lakini kurasa 300 kwa shilingi 150 ni shilingi 45,000 kabla ya kubana. Soma pia leseni. Nyingi ni za kaya moja, kwa hiyo kuchangia na jirani kunaweza kuwa kuivunja.

Nunua kwa awamu. Theluthi ya fedha itumike kwa wiki sita za mwanzo: kiada cha kusoma, hadithi mbili, madaftari mawili, manila na chaki. Masomo 24 yakikamilika, rudia vile vipimo vya dakika kumi, kisha ndipo ununue vingine. Kama hamkufika hata masomo 15, tatizo ni ratiba, na kitabu kipya hakitalitatua.

Wakati wa kubadili kitabu

Mtoto akikosa zaidi ya nusu ya maneno ya ukurasa kwa siku nne mfululizo, rudi nyuma kurasa 10 katika kitabu hichohicho. Akikwama tena palepale, ndipo ubadilishe. Mtoto anayesoma ukurasa vizuri huku macho yake yakiwa dirishani ameukariri: mfunikie picha, au mpe maneno yaleyale kwenye kadi kwa mpangilio mwingine. Anayekataa kuandika lakini anasoma vizuri, mkono wake umechoka. Mpunguzie hadi mistari miwili na umpe udongo wa kufinyanga au nguo za kubana kwenye kamba kwa vibanio.

Kitabu ulichokiacha kiuze mapema, toleo lake likiwa bado linatumika. Kadi za silabi zifunge kwa rababendi, kila konsonanti kivyake, na uziweke kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Mende wanapenda manila kuliko watoto wanavyoipenda.